Ndugu wakigombea kiti, nani huvuna? Wana wa Sultani Said na hadithi ya Wagiriki wa kale

Wazee wetu walituachia methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Yaani usijitie katikati yao, kwa sababu leo wanatukanana na kesho watakula sahani moja.

Methali hiyo ni kweli kwa ugomvi wa kawaida wa nyumbani. Lakini kuna ugomvi wa ndugu ambao jirani haendi kulima. Husimama mlangoni na kapu mkononi, akisubiri. Ndio ugomvi wa kugombea kiti cha baba. Hapo ndugu wote wawili huweza kupoteza, na anayevuna akawa mgeni.

Katika makala hii tunasimulia visa viwili. Cha kwanza ni hadithi ya Wagiriki wa kale, ya wana wawili wa mfalme na adhabu iliyowafuata hadi kwa wajukuu. Cha pili si hadithi, ni historia yetu wenyewe: wana wa Sultani Said wa Unguja, kuanzia mwaka 1856. Tunaviweka pamoja kwa sababu vinajibu swali ambalo watu wengi hujiuliza pindi ukoo unapoanza kuanguka: je, hii ni laana, au ni kazi ya mikono yetu?

Hadithi ya Wagiriki: kondoo wa dhahabu

Wagiriki wa kale walisimulia kwamba kulikuwa na ndugu wawili, Atreus na Thyestes, wana wa mfalme Pelops. Nyumba yao ilikuwa na doa tangu mwanzo. Pelops alipata mke kwa kushinda mashindano ya magari ya farasi, na alishinda kwa msaada wa dereva mmoja aliyeitwa Myrtilus. Badala ya kumlipa, alimsukuma baharini. Myrtilus akiwa anakufa aliilaani nyumba ya Pelops.

Atreus alikuwa na mifugo. Aliweka nadhiri kwa mungu wa kike Artemis kwamba atamtolea kondoo bora kuliko wote katika zizi lake. Akazaliwa mwanakondoo mwenye manyoya ya dhahabu. Atreus alipomwona, tamaa ikamshika. Hakutimiza nadhiri. Alimficha sandukuni.

Siri hiyo aliijua mkewe, Aerope. Naye alikuwa na uhusiano wa siri na shemeji yake, Thyestes, akampa yule mwanakondoo. Baadaye kiti cha mji wa Mycenae kilibaki wazi, na watu wakatafuta mfalme kati ya wana wa Pelops. Thyestes akasema mbele ya watu wote: "Awe mfalme yule mwenye mwanakondoo wa dhahabu." Atreus akakubali haraka, akidhani kondoo bado yuko sandukuni. Thyestes akamtoa, akatawazwa.

Zeus, mkuu wa miungu yao, alimtumia Atreus ujumbe: mwambie ndugu yako kwamba jua likigeuka na kuzama mashariki, ufalme urudi kwako. Thyestes akaona ni maneno ya mzaha, akakubali. Jua likageuka njia. Atreus akachukua kiti na kumfukuza ndugu yake.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya ulaghai tu. Lakini Atreus alipogundua habari ya mkewe, alimwita Thyestes arudi, eti wapatane. Akamwandalia karamu. Thyestes alikula akashiba, ndipo akaonyeshwa kwamba nyama aliyokula ilikuwa ya watoto wake mwenyewe. Akailaani nyumba ya ndugu yake.

Tangu hapo damu haikukauka. Aegisthus, mwana mwingine wa Thyestes, alimuua Atreus. Agamemnon, mwana wa Atreus, alimtoa sadaka binti yake ili apate upepo wa kupeleka merikebu vitani Troya. Aliporudi, mkewe Clytemnestra alimuua kwa kushirikiana na Aegisthus. Orestes, mwana wa Agamemnon, akamuua mama yake ili kulipa kisasi cha baba. Viumbe wa kike wa kisasi wakaanza kumfukuza Orestes kila aendako.

Mwisho wake mwandishi Aeschylus aliuonyesha jukwaani Athens mwaka 458 kabla ya Kristo. Mungu wa kike Athena hakumuua Orestes wala hakumwachia hivi hivi. Aliunda baraza la wananchi, wasikilize pande zote mbili na kupiga kura. Kura zikalingana, na Orestes akaachiwa. Laana ya vizazi kadhaa ikakoma kwa sababu hatimaye kulikuwa na mahali pa kupeleka shauri.

Tulikumbuke jambo hilo tunapovuka bahari kurudi kwetu.

Unguja, 1856: sultani afariki baharini

Sayyid Said bin Sultan alitawala Omani pamoja na Unguja na sehemu kubwa ya pwani yetu. Ndiye aliyefanya Unguja kuwa makao yake na kueneza mashamba ya karafuu. Biashara yake ilifika hadi bara: misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyotoka Bagamoyo ilikatiza Ugogo kwenda Tabora, kusini ya huku kwetu Iramba. Msikilizaji aliye Misigiri, kwenye barabara ya Singida kwenda Nzega, hayuko mbali na nchi ambazo mambo ya Unguja yalizigusa.

Said alikuwa na watoto wengi kwa mama mbalimbali. Binti yake Salme, katika kitabu alichokitoa mwaka 1886, aliandika kwamba baba yao alipofariki aliacha watoto 36 walio hai. Khalid, mwana aliyetazamiwa kurithi Unguja, alikuwa amefariki mwaka 1854. Thuwaini alikuwa akimwakilisha baba yake Maskati. Majid alishika nafasi ya Khalid Unguja. Barghash alikuwa kijana mwenye nguvu na tamaa, bila nafasi.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Said alifariki ndani ya merikebu yake, akiwa safarini kutoka Omani kurudi Unguja. Barghash alikuwa naye chomboni. Maiti haikuzikwa baharini, ililetwa nyumbani. Barghash aliingia mjini usiku na mwili wa baba yake, akazika, kisha akajaribu kuwavuta upande wake askari waliolinda Ngome Kongwe. Mkuu wao alikataa. Majid akawa sultani wa Unguja.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lenyewe. Mali ya marehemu ilikuwa na sheria ya kuigawa: kila mtoto fungu lake, wanaume na wanawake, kama dini yao ilivyoagiza. Lakini kiti hakikuwa na utaratibu ambao wote waliukubali. Hakikuwa lazima cha mtoto wa kwanza. Alikipata aliyeungwa mkono na wakubwa na aliyeweza kukishika. Pia hapakuwa na jibu moja kwa swali kubwa zaidi: je, Omani na Unguja ni dola moja au mbili?

Thuwaini alisema ni moja, na yeye ndiye mkubwa. Majid alisema ni mbili. Wakafika kwenye mapatano kwamba Majid atampelekea Thuwaini riyali 40,000 kila mwaka. Kumbe hata mapatano hayo kila mmoja aliyaelewa kivyake. Thuwaini aliziita kodi, yaani dalili kwamba Unguja iko chini yake. Majid alisema ni msaada kwa ndugu. Malipo yakasimama, na mwaka 1859 Thuwaini akaandaa merikebu za vita kuja Unguja. Waingereza walimrudisha njiani.

Ndugu watatu, dada wawili na shamba liitwalo Marseille

Mwaka huohuo wa 1859 Barghash naye alipanga njama ya kumwondoa Majid, akiungwa mkono na watu wa ukoo wa Harthi. Hapa ugomvi uliwaingia hata dada zao. Khole na Salme, ambao Majid alikuwa hajawakosea, walikuwa upande wa Barghash. Salme alijua kuandika, akawa ndiye mwandishi wa barua za siri.

Majid aligundua, akaizingira nyumba ya Barghash. Dada hao waliingia ndani na kumtoa ndugu yao akiwa amevaa mavazi ya kike na kujifunika. Barghash akaenda kwenye shamba liitwalo Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamejiimarisha kwa vita. Majid hakuweza kuwashinda peke yake. Aliomba msaada wa Waingereza, na askari wao wa majini wakashiriki. Barghash alikimbilia tena mjini, akasalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay, India.

Majid alishinda. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa na deni kwa aliyemshindia.

Mwamuzi wa mbali

Shauri la Majid na Thuwaini lilipelekwa kwa Lord Canning, mkuu wa serikali ya Waingereza huko India. Tarehe 2 Aprili 1861 Canning alitoa uamuzi: Unguja na Omani zitengane. Majid ataitawala Unguja na nchi zake za Afrika, na atamlipa mtawala wa Maskati riyali 40,000 kila mwaka, pamoja na riyali 80,000 za miaka miwili iliyopita. Sababu iliyotolewa ni kwamba Unguja ilikuwa tajiri kuliko Omani, hivyo fungu la ndugu aliyepata kikubwa limfidie aliyepata kidogo.

Ukiusoma haraka, ni uamuzi wa busara. Ulizuia vita. Lakini tazama kilichotokea. Dola aliyoijenga baba mmoja ilikatwa vipande viwili, na kila kipande peke yake kilikuwa dhaifu. Na aliyekata alikuwa mtu mwenye merikebu za vita na maslahi yake katika bahari hiyohiyo. Ndugu walikuwa wamemtafuta mwamuzi. Wakampata bwana.

Thuwaini hakuishi sana. Mwaka 1866, huko Sohar, aliuawa usingizini na mwanawe Salim. Salim naye hakukaa kwenye kiti hata miaka mitatu. Aliondolewa mwaka 1868. Hapo msikilizaji anaweza kudhani tumerudi Mycenae kwa Wagiriki.

Majid alifariki Oktoba 1870 bila mtoto wa kiume, naye Barghash, aliyekwisha kurudi kutoka uhamishoni, akakipata kiti alichokitamani kwa miaka 14. Alijenga, alileta maji safi mjini, alitaka kutawala bila kuamriwa. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa zamani. Mwaka 1873 Waingereza walimtishia kuifunga bahari yake kwa merikebu za vita hadi akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kufungwa kwa soko hilo kulikuwa haki ya watu waliodhulumiwa, wengi wao kutoka bara, na ilikuwa imechelewa. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo haukutoka kwa sultani. Hakuwa tena na sauti ya mwisho katika nchi yake. Mwaka 1885 merikebu za Wajerumani zilisimama mbele ya jumba lake, akalazimika kukubali utawala wao bara. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikubaliana wao kwa wao kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu, kama kilomita 16. Barghash alifariki 1888. Miaka miwili baadaye Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Hata mwanawe hakupona. Agosti 1896 Khalid bin Barghash aliingia jumbani na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 walipiga jumba kwa mizinga. Vita haikufika saa moja.

Na Salme? Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani huko Aden mwaka uliofuata. Aliporudi kutembea mwaka 1885, Barghash, yule aliyemvusha akiwa amevaa nguo za kike, alikataa kumwona.

Karibu na kwetu: Unyanyembe

Mambo haya hayakuwa ya pwani tu. Miaka hiyohiyo, Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi penye Tabora, mtemi Fundikira alifariki, na Mnywa Sele akashika utemi. Alipotoza kodi bidhaa za wafanyabiashara Waarabu, wao walimuunga mkono mtu mwingine wa ukoo uleule wa kitemi, Mkasiwa. Mnywa Sele akafukuzwa. Alipigana porini kwa miaka, akiivuruga njia ya misafara, mpaka alipouawa mwaka 1865. Mkasiwa alipata kiti, lakini alikuwa amewekwa na wageni.

Mwanawe Isike alijaribu baadaye kuwa mtawala huru. Wajerumani walipoivamia ngome yake Januari 1893, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Mara nyingine tena: nyumba ilipogawanyika, kapu la kuvunia lilikuwa mkononi mwa mtu wa nje.

Je, ilikuwa adhabu ya Mungu?

Ni rahisi kusema ndiyo. Majid alipokaribia mwisho wa utawala wake, kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Aprili 1872, Barghash akiwa hajamaliza hata miaka miwili kitini, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Kilibomoa nyumba, kikavunja merikebu zake, na kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Mtu aliyejua jinsi ndugu hawa walivyoviziana angeweza kunyoosha kidole mbinguni.

Lakini tufikiri kidogo. Kipindupindu hakikuchagua jumba la sultani. Waliokufa wengi walikuwa watu wa kawaida na watumwa ambao hawakugombea kiti chochote. Kimbunga kiliivunja mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya Pemba, na Wapemba hawakuwa watakatifu kuliko Waunguja. Ukisema kila msiba ni adhabu, itabidi ueleze kosa la mtoto mchanga aliyefia mikononi mwa mama yake.

Wagiriki wenyewe, ukiwasikiliza vizuri, hawakusema kwamba laana hufanya kazi peke yake. Kila mara kwenye hadithi kuna mtu aliyechagua. Atreus alichagua kumficha kondoo. Aerope alichagua kumtoa. Thyestes alichagua kuchukua cha ndugu yake. Atreus akachagua karamu ile. Laana ilikuwa njia. Waliotembea juu yake walikuwa watu wenye miguu yao.

Dini zetu pia zina visa vya ndugu. Waislamu wanamjua Kabili na Habili, Wakristo wanawajua Kaini na Abeli. Wote wanamjua Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake. Lakini Yusufu alipopata uwezo wa kulipa kisasi, alisamehe, na ukoo mzima ukapona njaa. Kwa hiyo hata ndani ya imani, kisasi si hatima. Kuna mlango mwingine.

Sisi tunaona hivi: katika visa vyote vya kiti tulivyosimulia, adhabu ilipita kwenye ufa uleule. Baba aliondoka bila utaratibu uliokubaliwa na wote. Ndugu walikubaliana kwa maneno ambayo kila mmoja aliyaelewa kivyake. Na walipokwama, walimwita mwamuzi ambaye angefaidika wakiendelea kugombana.

Vipi nyumbani kwetu?

Wengi wetu hatuna kiti cha enzi. Tuna ekari kadhaa za alizeti na mtama, zizi la ng'ombe, labda chumba cha duka barabarani. Lakini ugomvi wa mirathi huanza vilevile, na huweza kufika kwenye mapanga vilevile. Kuna mambo machache ya kufanya mapema.

Kwanza, sema ukiwa hai. Mzazi mwenye mali aeleze nani anapata nini, na ikiwezekana aandike wosia mbele ya mashahidi, walio wa ukoo na wasio wa ukoo. Anayesema "watajua wenyewe nikifa" anawaachia ufa ule wa Said.

Pili, mkikubaliana, andikeni. Riyali 40,000 za Majid zilikuwa kodi kwa mmoja na msaada kwa mwingine. Nyumbani ni hivyohivyo: "kaka, lima hapa kwa sasa" ni kuazimwa kwa anayesema na ni kupewa kwa anayesikia. Baada ya miaka kumi, wote wawili wanaapa kwamba wanasema kweli.

Tatu, mtu akifariki, ukoo ukae kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi, kisha jina lipelekwe Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Msimamizi si mrithi wa vyote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, wakiwemo mabinti na mjane. Mgogoro wa shamba ukizuka, kuna baraza la ardhi la kijiji na la kata kwa ajili ya usuluhishi, kabla ya kwenda mbali zaidi.

Nne, mchunguze anayejitolea kuwaamua. Jirani anayetaka kununua shamba la marehemu, au anayemkopesha ndugu mmoja fedha za kumshtaki mwenzake, hafai kuwa mwamuzi, hata awe na maneno mazuri kiasi gani.

Athena katika hadithi ya Wagiriki hakuwaletea watu mwamuzi wa mbali. Aliwaambia wananchi wenyewe wakae, wasikilize na wapige kura. Wana wa Said hawakupata baraza la namna hiyo, au hawakulitafuta, na riyali, merikebu na hatimaye nchi yenyewe vikaenda kwa wengine. Shauri la ndugu likiwahi kusikilizwa na watu wasio na kapu mkononi, mavuno hubaki nyumbani.